Alama ya mtoto ni ushahidi: mabadiliko ya upimaji skuli na nafasi yetu wazazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) limeacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Ndugu zetu wa Lamu wameona mabadiliko makubwa zaidi. Watoto waliokuwa Gredi ya Tisa mwaka 2025 ndio wa kwanza nchini Kenya kufanya mtihani wa KJSEA, na hawakupewa alama kati ya 500 kama walivyopewa kaka na dada zao kwenye KCPE, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Wao walipewa kiwango kwa kila somo. Unguja na Pemba nako mtaala wa umahiri unaingia, na pamoja nao maneno ambayo wazazi wengi wanayasikia kwa mara ya kwanza kwenye vikao vya skuli: umahiri, tathmini endelevu, kazi mradi.

Maswali tunayoletewa kuhusu jambo hili ni ya namna mbili. Kuna wazazi wanaouliza: mtoto asipopewa namba, tutajuaje kama anasoma? Na kuna wanaouliza swali la dini moja kwa moja: mtoto kaletewa kazi mradi nyumbani, mama kakaa usiku mzima kuifanya, mtoto kapata kiwango cha juu. Je, kuna makosa? Tunaona maswali haya mawili ni swali moja, na ndiyo maana tumeamua kuyajibu pamoja.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Wengi wetu tumekulia kwenye divisheni hata tunadhani zimeshuka na mvua. Divisheni ni urithi wa mitihani ya Cambridge iliyokuwa ikifanywa katika nchi zetu wakati wa ukoloni. NECTA ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilirithi kazi hiyo pamoja na mengi ya mtindo wake. Na kwa kuwa mambo ya Baraza la Mitihani ni ya Muungano, mtoto wa Chake Chake na wa Songea wanapimwa kidato cha nne kwa kipimo kimoja: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Hiyo sifuri ndiyo neno linalobaki kichwani mwa mtoto. Mtoto aliyejibu maswali, akaandika kurasa, akajua hili na asijue lile, mwisho wa safari anaitwa sifuri, na mtaani jina hilo linamfuata kuliko jina alilopewa siku ya akika yake.

Tumeshuhudia pia namna herufi zinavyobadilishwa bila mtoto kubadilika. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalikuwa mabaya mno, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Kisha ukaja mfumo wa GPA, divisheni zikaondoka, tukafundishwa kusema distinksheni, meriti, krediti na pasi. Januari 2016 waziri wa elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akaagiza divisheni zirudi. Wazazi waliokuwa na watoto wawili waliopishana miaka mitatu walilazimika kujifunza kusoma vyeti viwili vya namna mbili. Darasani ubao ulikuwa uleule, vitabu vilevile, na mwalimu aliyekuwa na wanafunzi tisini alibaki na tisini. Kubadilisha jina la alama ni jambo jepesi na serikali yoyote inaweza kulifanya kwa waraka mmoja. Ndiyo maana tunawaomba wasomaji wetu wasiwe wepesi wa kushangilia wala kulaani kila jina jipya linapokuja.

Utafiti unasemaje

Swali la kweli ni kama kuna namna ya kumpima mtoto inayomfanya asome zaidi, badala ya kumwambia tu yuko wapi. Hapa wataalamu wa elimu wamefanya kazi ambayo inafaa tuijue.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha katika jarida moja la Uingereza la saikolojia ya elimu jaribio alilolifanya na watoto wa darasa la tano na la sita huko Israel. Watoto walipewa kazi, kisha wakarejeshewa kwa namna tatu. Kundi la kwanza walipewa alama tu. La pili waliandikiwa maelezo tu: hapa umefanya vizuri, hapa ungeweza kufanya hivi. La tatu walipewa alama pamoja na maelezo. Wengi wetu tungekisia kundi la tatu ndilo litakalofaidika zaidi, maana limepata vyote viwili. Haikuwa hivyo. Walioandikiwa maelezo peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata na ndio waliobaki na hamu. Waliopata alama na maelezo walifanana na waliopata alama tu. Alama iliyameza maelezo.

Mzazi yeyote aliyewahi kukaa na mtoto akifungua daftari lililosahihishwa anaijua sababu. Mtoto huangalia namba nyekundu juu ya ukurasa, huchungulia namba ya jirani yake, kisha hufunga daftari. Yale aliyoyaandika mwalimu chini hayasomwi. Aliyepata 18 kati ya 20 anaona hana haja ya kuyasoma, na aliyepata 6 hataki kuyaona. Namba imeshamjibu swali alilokuwa nalo, na swali hilo ni "mimi ni nani kati ya wenzangu", wala halikuwa "nirekebishe wapi".

Sweden walikuwa na kitu ambacho watafiti hukipata kwa nadra. Kati ya mwaka 1969 na 1982 manispaa za nchi hiyo ziliachiwa ziamue zenyewe kama zitawapa alama watoto wa madarasa ya chini au la. Kwa hiyo kulikuwa na watoto wa rika moja, nchi moja, mtaala mmoja, wengine wakipewa alama na wengine hawapewi. Miaka mingi baadaye mtafiti Alli Klapp wa chuo kikuu cha Gothenburg aliwafuatilia katika kumbukumbu. Alichokikuta ni kwamba watoto waliokuwa na uwezo mdogo ndio walioumia: waliopewa alama mapema walifanya vibaya zaidi huko mbele, na wachache zaidi kati yao walimaliza sekondari, wakilinganishwa na wenzao wa uwezo huohuo ambao hawakupewa. Wenye uwezo mkubwa hawakuonyesha madhara ya namna hiyo. Tutafakari hapo kidogo. Mtoto ambaye tunasema tunampa alama mbaya ili "azinduke" ndiye ambaye alama inamvunja.

Inafaa tuseme pia kuwa Sweden hiyohiyo ilirejesha alama kuanzia darasa la sita mwaka 2012, kwa hiyo hata wao hawajamaliza ubishani. Na Sweden si Micheweni. Singapore, ambayo wazazi wetu wengi huitaja kama mfano wa nidhamu na ushindani, iliondoa nafasi ya mtoto darasani kwenye ripoti kuanzia mwaka 2019. Ripoti nyingi za skuli zetu bado zina kile kisanduku cha "amekuwa wa ... kati ya ...", na wapo wazazi ambao hukitazama hicho tu.

Tuliyokuwa nayo kabla

Kuna wasomaji watakaosema haya ni mambo ya wazungu. Tunawakumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ya yule mtu aliyeingia msikitini, akasali mbele ya Mtume (S.A.W.), kisha akaja kumtolea salamu. Mtume alimrudishia salamu na kumwambia arudi akasali kwa sababu hajasali. Akarudi, akasali, akaja tena, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu akaapa kwamba hajui kufanya vizuri zaidi ya hivyo, na akaomba afundishwe. Hapo ndipo Mtume alipomfundisha hatua kwa hatua, namna ya kurukuu mpaka atulie, kusujudu mpaka atulie, na kadhalika.

Wanazuoni wa fiqhi wametoa humo hukumu nyingi, kubwa yake ikiwa utulivu katika sala. Walimu wetu nao watazame namna alivyopimwa. Mtu yule aliambiwa ukweli wazi, hakubembelezwa. Lakini hakupewa daraja wala hakulinganishwa na Abubakar. Alirudishiwa salamu yake kila mara, heshima yake ilibaki. Alipewa nafasi ya kurudia, na ya pili, na ya tatu, mpaka yeye mwenyewe akaona upungufu wake na akaomba elimu. Na alipofundishwa, alifundishwa lile alilolikosea.

Chuoni kwetu ndivyo tulivyosomeshwa pia. Mtoto anasikilizwa aya zake na mwalimu, akikosea anasahihishwa palepale, na hapandi sura nyingine mpaka ile ya kwanza imekaa. Hakuna anayemaliza juzuu amma kwa asilimia 45 akaambiwa amefaulu, endelea. Mmoja anaifikia Surat Naba kwa miezi sita, mwingine kwa miaka miwili, na wote wawili wakifika wameifika. Ijaza vilevile: sheikh anashuhudia kwamba fulani amesoma kitabu hiki kwangu na anafaa kukisomesha, na kama bado hafai hapewi. Wataalamu wa Marekani, akiwemo Benjamin Bloom aliyeandika mwaka 1968 juu ya kusomesha mpaka mtoto aimiliki kazi, walikuwa wakieleza kwa lugha yao jambo ambalo mwalimu wa chuo wa Lamu au Wete angelitambua mara moja. Tusijisifu kupita kiasi, lakini. Chuo chetu hichohicho kilikuwa na bakora, na wapo watu wazima leo wanaoikimbia Kur-ani kwa sababu ya mkono wa mwalimu wao. Aisha (R.A.) amepokea kwamba anayeisoma Kur-ani kwa tabu na kwikwi ana malipo mawili; mtoto huyohuyo ndiye aliyekuwa akipigwa.

Mtihani wenyewe pia si mgeni katika Uislamu. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba wake kuhusu mti unaofanana na Muislamu, nao wakataja miti ya nyikani. Ibn Umar alijua kuwa ni mtende lakini alikuwa mdogo wao, akaona haya. Imam Bukhari aliiweka hadithi hii chini ya mlango unaohusu kiongozi kuwauliza watu ili apime elimu waliyonayo. Na katika hadithi hiyo Umar anamwambia mwanawe kwamba lau angelisema lingekuwa jambo la kumpendeza mno. Kwa hiyo mzazi kufurahi mwanawe anapojibu vizuri ni tabia ya kibinadamu, wala hatusemi watu waiache.

Lamu na viwango vinane

Turudi Kenya, kwa sababu huko ndiko jaribio kubwa linapofanyika, na watoto wanaofanyiwa ni wetu. Mtaala wa umahiri ulianza nchi nzima mwaka 2019. Kusudio lake lilikuwa kuiondoa ile hali ya mtoto kuamuliwa maisha kwa siku tatu za mtihani. Viwango vyake ni vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Utaona kuwa hakuna sifuri humo, na maneno yanaelekea mbele; anayekaribia yuko njiani. Katika KJSEA kila kiwango kimegawanywa mara mbili, vikawa vinane. Kuingia Sekondari Pevu, Gredi ya Kumi, KJSEA inachangia asilimia 60, mtihani wa Gredi ya Sita unachangia 20, na tathmini zinazofanywa skulini Gredi ya Saba na ya Nane zinachangia 20 zilizobaki.

Katika karatasi mpango huu ni mzuri, na tunausema hivyo bila kusita. Tatizo ni kwamba kila kiwango kilipewa pia pointi, nane kwa cha juu mpaka moja kwa cha chini. Masomo ni tisa. Mzazi yeyote anayejua kuzidisha akapata 72, na mara moja tukawa na "jumla" mpya. Watu wakaanza kuulizana mtoto wako kapata ngapi kwenye 72, kama walivyokuwa wakiulizana kwenye 500. Hatuwalaumu sana, kwa sababu nafasi katika skuli kubwa ni chache na lazima kuwe na namna ya kuzigawa. Ila mtu asidhani mtoto ameondolewa kwenye mashindano kwa sababu herufi zimebadilika.

Hizo asilimia 20 za skulini ndizo zinazotushughulisha zaidi. Hapo mwalimu anampima mtoto anayemfahamu, kwa kazi ambazo nyingine zinafanywa nyumbani, kisha anaziingiza alama kwenye mfumo wa baraza la mitihani la Kenya, KNEC. Wazazi wa Kenya wamelalamika kwa miaka kuhusu gharama na tabu ya kazi hizi: makaratasi ya kuchapisha, vifaa vya kununua, mambo ambayo mtoto wa gredi ya nne hawezi kuyafanya peke yake. Lalamiko hilo lina haki. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo halisemwi kwa sauti, nalo ni kwamba kazi nyingi zinazopelekwa skuli hazikufanywa na watoto.

Sasa tuseme upande wa mtihani wa taifa, ambao siku hizi ni mtindo kuusema vibaya. Karatasi ya mtihani ina namba, haina jina. Msahihishaji hajui kama aliyeandika ni mtoto wa mkurugenzi au mtoto wa mpiga makachu wa Forodhani. Wako madaktari na mahakimu visiwani kwetu ambao baba zao walikuwa wavuvi na wakwezi wa mikarafuu, na kilichowavusha ni karatasi ile isiyo na jina. Ukiondoa mtihani wote ukaacha kila kitu mikononi mwa watu wanaojuana, mnyonge ndiye atakayepoteza wa kwanza. Kisiwa ni kidogo, kila mtu ni mjomba wa mtu.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kwenye milango mikubwa, kama kuingia skuli za michepuo na vipawa, kidato cha tano au chuo kikuu, ubaki mtihani usiotaja jina, kwa sababu pale kinachotakiwa ni kugawa kwa haki. Katika siku zote zilizo baina ya milango hiyo, alama zipunguzwe kwa kadiri inavyowezekana na nafasi yake ichukuliwe na maelezo na kurudia kazi, kwa sababu pale kinachotakiwa ni kusoma. Tulichonacho sasa ni kinyume chake: tunampa mtoto namba kila wiki, kisha tunashangaa kwa nini hasomi isipokuwa kwa ajili ya namba.

Walimu watatwambia haiwezekani, na hesabu wanayo. Darasa la watoto 70, dakika mbili kwa kila daftari, ni saa mbili na dakika ishirini kwa zoezi moja. Hakuna mwalimu mwenye saa hizo kila siku. Lakini daftari 15 kwa siku ni nusu saa, na katika siku tano za wiki darasa lote limezungukwa. Mtoto anayeandikiwa sentensi moja ya kweli kwa wiki, "unajumlisha vizuri lakini unasahau kubeba, rudia namba 4 na 7", amepata zaidi ya anayeandikiwa 6/10 mara tano. Kinachotakiwa ni wizara na wakaguzi wayakubali madaftari ya namna hiyo bila kumhoji mwalimu kwa nini hajatoa alama.

Hukumu ya kumfanyia mtoto kazi

Tumefika kwenye swali la pili, na hapa ndipo tunaposema ni swali moja na la kwanza. Kiwango anachoandikiwa mtoto, kiwe divisheni, herufi au "kufikia matarajio", ni ushahidi. Mwalimu anashuhudia mbele ya watu kwamba mtoto huyu anaweza jambo hili. Kadiri tunavyoondoka kwenye mtihani wa siku moja na kwenda kwenye tathmini ya mwalimu, ndivyo uzito unavyohama kutoka kwenye karatasi kuja kwenye ulimi na kalamu ya mtu. Na Kur-ani katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, imewaamrisha waumini wasimamie uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Watoto wetu wamo ndani ya neno jamaa.

Mzazi anayeifanya kazi mradi yeye mwenyewe na kuipeleka kwa jina la mtoto ameghushi. Dalili ni ile hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani na vidole vikakuta majimaji, juu kumekauka, chini kumelowa. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakakiona, na ikafuatia kauli nzito inayojulikana kuhusu mwenye kughushi. Kazi mradi iliyofanywa na mama ni nafaka kavu iliyowekwa juu. Mwalimu anatakiwa kuona palipolowa ili apakaushe, na sisi tumempafunika.

Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa mufti wa Saudi Arabia, aliulizwa kuhusu udanganyifu katika mitihani na akajibu kuwa ni haramu katika masomo yote, yawe ya dini au ya dunia. Kazi inayohesabiwa katika alama za mwisho haina tofauti na mtihani kwa jambo hili. Vilevile kumwandikisha mtoto insha kwa programu ya akili mnemba na kuipeleka kama yake.

Kusaidia hakuhusiki na katazo hilo, na tunalisema hili kwa sababu wapo wacha Mungu ambao sasa wataogopa hata kumshikia mtoto mkasi. Kumueleza mtoto, kumtafutia vifaa, kumuuliza maswali mpaka afikirie mwenyewe, kumuonyesha mfano mmoja kisha yeye afanye wa pili, yote hayo ni kusaidiana katika wema. Mpaka uko hapa: ukiulizwa na mwalimu nani kafanya, unaweza kujibu bila kubadilisha sauti? Na ikiwa kazi yenyewe ni kubwa kuliko umri wa mtoto, basi mzazi amwandikie mwalimu wazi: "Sehemu hii nimefanya mimi, hii kafanya yeye." Kwa sentensi hiyo ghushi imeondoka.

Kwa mwalimu jambo ni zito zaidi. Anayempandishia mtoto kiwango kwa sababu ya ujamaa, zawadi, au kwa sababu mkuu wa skuli anataka takwimu nzuri, ametoa ushahidi wa uongo, na mtoto wa mtu mwingine aliyepaswa kupata ile nafasi amedhulumiwa. Surat Al-Mutaffifin haikuwekewa mpaka wa mizani ya sukari na mchele. Wapo pia wanaomshusha mtoto kwa kuwa baba yake ni mkorofi. Hao nao waisome aya ya 8 ya Surat Al-Maida, inayokataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Mwalimu aliyeshinikizwa kubadilisha alama na akakataa, wazazi wasimame naye hata kama mtoto wao ndiye aliyekosa.

Ama aliyekwishapata cheti kwa njia hizi zamani na sasa anafanya kazi, naye Ibn Baz aliulizwa, na jibu lake ni kwamba atubu kwa alilolifanya. Na ikiwa kazi yake anaiweza na anaitekeleza inavyotakiwa, mshahara wake hauna tatizo.

Limebaki suala la kutangaza. Kupeleka matokeo ya mtoto kwenye kundi la ukoo bila ridhaa yake, na hasa matokeo ya mtoto wa ndugu yako, ni jambo tunaloona lisifanywe. Aliyefaulu atapongezwa uso kwa uso. Aliyeanguka ana haki ya kusitiriwa, na wanaomwita "sifuri" au "mbali na matarajio" kwa mzaha wameingia kwenye makatazo ya Surat Al-Hujurat, aya ya 11, ya kudharauliana na kuitana majina mabaya. Vikao vya familia ambavyo ripoti za watoto wote zinawekwa mezani pamoja, wa Fatma karibu na wa Khamis, tunashauri viachwe.

Siku ya kuchukua ripoti, mzazi asianze na "kawa wa ngapi". Aombe aonyeshwe daftari la mwezi wa kwanza na la sasa la somo moja, ayaweke pamoja, na amuulize mwalimu mambo mawili: nini anakiweza sasa ambacho hakukiweza wakati ule, na kipi akirudie nyumbani. Hata mzazi asiyejua Kiingereza ataona kwa macho yake kama mstari umenyooka na hesabu zimeongezeka. Mtoto naye awepo, asikie, na apewe nafasi ya kusema wapi panamshinda. Mwalimu akishindwa kuyajibu maswali hayo mawili, hapo ndipo pa kufungua mjadala na skuli, hata kama ripoti imejaa A.

Wallahu aalam.